Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Afya Nakuru: Msikilizeni Rafiki Aliyemleta Mgonjwa

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Nakuru,
Waziri wa Afya wa Kaunti,
Kamati ya Afya ya Bunge la Kaunti,
na wakuu wa hospitali zote, za umma na za binafsi, kutoka Naivasha hadi Molo.

KUH: KUTAMBULIWA KWA RAFIKI ANAYEMLETA MGONJWA WA DHARURA

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kuomba jambo ambalo halihitaji jengo jipya, mashine mpya wala nyongeza kubwa ya bajeti. Mgonjwa wa dharura anapofikishwa na rafiki yake katika hospitali yoyote ya kaunti hii, naomba rafiki huyo asikilizwe, aandikwe jina na aruhusiwe kumsaidia mgonjwa wake papo hapo. Asiwekwe kando kwenye benchi mpaka jamaa wa damu apatikane. Sheria za nchi yetu zinaruhusu hivyo tayari. Kilichobaki ni ninyi kuzishusha hadi kwenye dirisha la mapokezi, mahali ambapo usiku wa manane hakuna wakili wala mbunge.

Naandika kwa sababu ya yaliyompata rafiki yangu wa kufa kuzikana. Tunapanga ploti moja pande za Lanet. Kwao ni Bungoma. Alikuja Nakuru kutafuta kazi akabaki, na mamake mzazi yuko kijijini. Alfajiri moja alinigongea mlango akiwa amejikunja, ameshika tumbo upande mmoja chini ya kitovu, jasho la baridi linamtoka. Muda si muda akasema bega linamuuma, kisha akasema macho yanaingia giza. Kwenye bodaboda asingeweza kuketi, kwa hiyo jirani mwenye tuktuk aliamka akatupeleka hospitalini, nami nimempakata rafiki yangu kwenye kiti cha nyuma.

Hospitali hiyo sitaitaja, kwa kuwa mambo haya hayako kwake peke yake, na sitaki barua hii igeuke kesi ya wauguzi wa zamu moja. Dirishani niliulizwa mimi ni nani wake. Nikajibu kwamba ni rafiki yangu. Nikaulizwa mumewe yuko wapi, wazazi wake wako wapi, na pesa za kuanzia atalipa nani. Nikaambiwa fomu ya upasuaji inataka sahihi ya jamaa wa karibu. Simu ya mamake ilikuwa imezima. Wakati huo wote rafiki yangu alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, anapoteza fahamu na kuzinduka, midomo imepauka.

Nilikuwa na mengi ya kusema. Nilijua kuwa penisilini humvimbisha uso. Nilijua alikula saa ngapi usiku ule, jambo ambalo mtu wa dawa ya usingizi hana budi kulijua. Nilijua hedhi yake ilikuwa imechelewa, siri aliyoniambia mimi peke yangu. Dirishani hakuna swali hata moja lililonipa nafasi ya kuyasema. Hatimaye daktari wa zamu alitoka, akamvuta kope akaona weupe, ndipo akanigeukia na kuniuliza yote hayo mfululizo. Majibu yangu yalimsaidia kuelewa anachokiona: mimba ilikuwa imetunga kwenye mrija wa uzazi, mrija umepasuka, na damu inamwagika ndani ya tumbo. Aliamuru apelekwe chumba cha upasuaji bila kungoja sahihi ya mtu yeyote. Rafiki yangu yu hai leo, na daktari huyo namwombea heri kila ninapomsikia rafiki yangu akicheka.

Mimba ya aina hii hutokea takriban mara 1 hadi 2 katika kila mimba 100. Yai lililorutubishwa hujishikiza nje ya mfuko wa uzazi, mara nyingi ndani ya mrija, ambao hauwezi kutanuka kubeba mtoto. Mrija ukipasuka, mwanamke huvuja damu ndani kwa ndani, na anayemtazama kwa nje asione jambo kubwa. Maumivu ya bega, yanayowashangaza wengi, hutokana na damu hiyo kuchokoza kiwambo kilicho chini ya mapafu. Tiba ni upasuaji na damu, na vyote viwili havingoji basi la kutoka Bungoma.

Wala si ugonjwa huu peke yake. Mtu akipatwa na kiharusi kinachotokana na damu kuganda, dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Daktari hawezi kuipima saa ya mwanzo kwa mashine; humwuliza aliyekuwapo mdomo ulipopinda na mkono ulipolegea. Mgonjwa wa kisukari akizimia, anayejua kama alijidunga insulini bila kula ni yule anayeishi naye. Mwenye pumu aliyebanwa kifua hawezi kusema neno. Bomba lake la dawa limo mfukoni mwa rafiki. Katika dharura, taarifa alizobeba rafiki ni sehemu ya matibabu. Hospitali inayomweka pembeni inajinyima habari ambazo haitazipata kwingine kwa wakati.

Waheshimiwa, utazameni mji wenyewe. Nakuru ilikua pembeni mwa reli, na tangu siku hizo imeishi kwa watu waliotoka kwingine. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,162,202 katika kaunti hii. Miongoni mwao ni vibarua wa mashamba ya maua ya Naivasha waliotoka Magharibi na Nyanza, wanafunzi wa Egerton kule Njoro na wa Kabarak, na wapangaji wa Kaptembwo, Rhonda na Pipeline ambao kwao ni mbali. Kuna madereva wa malori wanaolala Salgaa, ambao nyumba zao ziko Mombasa au ng'ambo ya Malaba. Kuna waliopoteza makao baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wakapitia kambi ya uwanja wa maonyesho hapa mjini, wakaanza maisha upya kati ya majirani ambao hawakuwa wa ukoo wao. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mama aliye Bungoma na mume aliye kazini Qatar wanapenda kwa dhati, ila usiku wa dharura hawafiki. Anayefika ni rafiki wa mlango wa pili.

Sasa niseme juu ya sheria. Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya 2010 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Hakikutaja mume, ukoo wala pesa za kuanzia. Sheria ya Afya ya 2017, katika sehemu ya 7, inafafanua kwamba matibabu hayo ni pamoja na huduma kabla ya kufika hospitalini, kumtuliza mgonjwa hali isizidi kuharibika, na kumpangia uhamisho ikiwa hapo alipo hapana uwezo wa kumtibu. Hospitali yenye uwezo ikikataa inatenda kosa, na faini yake yaweza kufika shilingi milioni 3.

Sehemu ya 9 ya sheria hiyo hiyo inahusu ridhaa, na naomba kila mkuu wa hospitali aisome tena. Mwenye kuridhia kwanza ni mgonjwa mwenyewe. Mwanamke mtu mzima mwenye fahamu zake hahitaji sahihi ya mume ili atibiwe. Akishindwa kuamua, anayeweza kuridhia kwa niaba yake ni yule ambaye mgonjwa mwenyewe alimteua kwa maandishi. Mtu huyo anaweza kuwa rafiki. Jamaa wa karibu huitwa pale ambapo hakuna aliyeteuliwa wala aliyeidhinishwa kisheria. Tena, pale ambapo kuchelewa kunaweza kumuua mgonjwa au kumwachia madhara yasiyorekebishika, na yeye mwenyewe hakuwa amekataa huduma hiyo, daktari anaruhusiwa kuendelea. Daktari aliyemwokoa rafiki yangu hakuvunja sheria hata kidogo. Aliitekeleza ilivyoandikwa.

Na hospitali za eneo hili zinajua kufanya kazi hiyo bila kuuliza ukoo. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lililopinduka lilishika moto Sachangwan, watu zaidi ya 100 wakafa, na majeruhi wengi wakaletwa hospitali ya mkoa hapa Nakuru. Mei 2018 bwawa la Solai lilipasuka usiku na kuzoa familia nzima. Tarehe 30 Juni 2023 lori lilivamia watu kwenye makutano ya Londiani, likaua zaidi ya 50. Katika misiba ya namna hiyo majeruhi hupokewa kabla jina lake halijajulikana, na jamaa hutafutwa baadaye. Mgonjwa mmoja aliyeletwa na tuktuk anastahili utaratibu huo huo. Uhai wake haupungui uzito kwa kuwa amekuja peke yake, bila kamera na bila msafara wa viongozi.

Hofu zenu nazijua, na si hofu za bure. Mnaogopa kushtakiwa. Mnaogopa pia kwamba anayejiita rafiki huenda ndiye aliyempiga mgonjwa, au ni tapeli anayeinyatia simu na pochi yake. Ndiyo maana siombi rafiki apewe mamlaka juu ya mwili wa mtu. Naomba asikilizwe. Aandikwe jina, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu. Mgonjwa mwenye fahamu aulizwe faraghani kama anamtaka mtu huyo karibu naye, na neno lake liwe la mwisho. Utaratibu wa namna hii unamlinda mgonjwa kuliko ulivyo sasa, kwa sababu sasa yeyote anayejua kusema uongo anapita.

Nalisema hilo kwa uchungu. Watu wengi wa mji huu wamejifunza kudanganya dirishani: "Mimi ni dadake." "Mimi ni mumewe." Wanasema hivyo kwa mapenzi, ili mlango ufunguke. Kisha daktari anamwuliza huyo dada wa kubuni kama kwao kuna ugonjwa wa selimundu, kama mama alikuwa na shinikizo la damu, kama kuna aliyewahi kudhurika kwa dawa ya usingizi. Dada wa kubuni atajibu nini? Utaratibu unaowalazimisha watu wema kudanganya unaingiza uongo ndani ya faili la mgonjwa, na uongo huo unaweza kumdhuru akiwa mezani.

Kuna pia hofu ya pesa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) imechukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, na Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 imeunda hazina maalumu ya dharura na magonjwa sugu na mahututi. Hazina hiyo iliundwa ili mtu asife akitafuta pesa. Malipo yake yakichelewa, hilo ni la kaunti na serikali kuu kumalizana mezani. Mgonjwa asililipie kwa damu yake. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumzuilia mgonjwa hospitalini kwa sababu ya deni ni kuvunja haki zake. Kama deni halitoshi kumfungia mtu ndani, basi deni ambalo bado hata halijatokea halitoshi kumfungia nje.

Niseme pia kuhusu siku zinazofuata, kwa maana kazi ya rafiki haiishii mlangoni. Rafiki yangu aliongezewa damu, na damu hiyo ilitoka kwa watu. Kituo cha damu cha eneo letu kiko hapa hapa Nakuru. Marafiki zake wa kazini na wa chama chetu walikwenda kutoa. Mwanamume mwenye afya anaweza kutoa kila baada ya miezi 3 na mwanamke kila baada ya miezi 4. Tulichanga kwa M-Pesa. Mmoja alizungumza na mwajiri wake asifutwe kazi, mwingine akamtuliza mwenye ploti kuhusu kodi. Nilimpelekea uji, nikafua nguo zake, nikamshika mkono alipoanza kusimama.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ya kunyamaza. Mamake alipopatikana kwenye simu alitaka kujua mwanawe ana nini. Nilimweleza kwamba amefanyiwa upasuaji, anaendelea vizuri, na atazungumza naye mwenyewe. Mengine hayakuwa yangu kuyatoa. Rafiki yangu alimweleza mamake kwa wakati wake na kwa maneno yake, kama ilivyokuwa haki yake. Hospitali husema humkataa rafiki ili kulinda siri ya mgonjwa. Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Yeye ndiye anayejua nani ataibeba vizuri, na mara nyingi amekwisha kumchagua mtu huyo kabla ya kuugua.

Tena alikuwa amepoteza mimba. Wodini alihudumiwa kidonda, lakini msiba huo haukupata jina. Saa za kuwaona wagonjwa zilipokwisha niliambiwa wanaobaki ni jamaa pekee. Kwa hiyo usiku wa kwanza baada ya msiba wake alilia peke yake, katika mji ambao mtu wake wa karibu kuliko wote alikuwa nje ya lango. Waheshimiwa, hakuna mgonjwa anayepona haraka zaidi kwa kulia peke yake.

Wauguzi na madaktari wetu siwalaumu. Wanafanya kazi wakiwa wachache, na mgomo wa madaktari wa 2024 uliodumu siku 56 ulitukumbusha jinsi walivyochoka kuahidiwa. Agizo lililo wazi litawapunguzia mzigo, kwa sababu litawaondolea hofu ya kuamua peke yao katikati ya usiku. Kwa hiyo naomba haya:

Kwanza, fomu za mapokezi na za ridhaa zibadilishwe. Mahali palipoandikwa jamaa wa karibu pawe na nafasi mbili: mtu aliyeteuliwa na mgonjwa, na mtu aliyemleta, uhusiano wao uwe wowote.

Pili, kabla ya neno lolote kuhusu pesa, aliyemleta mgonjwa aulizwe mambo matano: dalili zilianza saa ngapi, mgonjwa amekula lini, anatumia dawa gani, dawa gani humdhuru, na kama ana ugonjwa wa kudumu au huenda ana mimba.

Tatu, Kifungu cha 43(2) cha Katiba na sehemu za 7 na 9 za Sheria ya Afya zibandikwe kwa Kiswahili kwenye kila dirisha la mapokezi, pamoja na nambari ya afisa wa zamu anayepokea malalamiko saa zote.

Nne, wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao serikali ilizindua 100,000 kote nchini Septemba 2023, wabebe karatasi ya kumteua mtu wa kuridhia matibabu kwa niaba ya mgonjwa wanapotembelea nyumba na kuandikisha watu SHA. Waanzie mashamba ya maua, mabweni ya wanafunzi, vituo vya malori na ploti za wapangaji, kwa maana huko ndiko watu wanakoishi mbali na kwao.

Tano, mgonjwa akiruhusiwa kuwa na mtu wa kukaa naye, achague yeye mwenyewe mtu huyo.

Sita, Kamati ya Afya ya Bunge la Kaunti idai taarifa kila robo mwaka kuhusu wagonjwa wa dharura waliocheleweshwa kwa sababu ya sahihi au pesa, na isomwe mbele ya wawakilishi wa wadi zote 55.

Nanyi wasomaji wenzangu wa Nakuru, msingoje kaunti. Chukua karatasi leo. Andika jina lako na nambari ya kitambulisho, kisha uandike kwamba usipoweza kuamua kuhusu matibabu yako, fulani aamue kwa niaba yako. Tia sahihi na tarehe. Yeye abaki na nakala, na wewe uhifadhi picha yake kwenye simu. Mwambie dawa zinazokudhuru na aina ya damu yako kama unaijua. Kama mtu huyo ni ndugu yako, vyema. Kama ni rafiki, sheria inamtambua.

Waheshimiwa, uwezo wa kutoa agizo hili mnao. Litoeni kabla ya mgonjwa mwingine kufikishwa dirishani na rafiki anayejua kila kitu na asiyeulizwa lolote.

Wenu mwaminifu,
Mkazi wa Lanet, Nakuru